Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mtwara

Ndugu wanachama,

Kliniki ya selimundu, huu ugonjwa wa kurithi wa damu, pale Hospitali ya Ligula, uchangiaji damu na maadhimisho ya Siku ya Selimundu Duniani, Juni 19, vyote vilifanyika. Mnavijua, sivirudii.

Niende kwenye neno linalozunguka mtaani, kwamba mwenyekiti amekalia fedha za mtoto. Mfuko wa matibabu ulikuwa na shilingi 4,600,000. Kwa pendekezo langu, kamati ilitoa 1,600,000 mtoto wa mwenzetu wa Tandahimba aende Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, kupandikizwa uloto wa dada yake, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ili atibiwe selimundu. Milioni tatu tukazizuia.

Wengi mnadhani uloto ukishaingia, kazi imekwisha. Siku 100 za mwanzo ndizo zenye shughuli. Kinga iliyotoka kwa dada inaweza kuuona mwili wa mdogo wake ni mgeni ikaushambulia, hata kama vipimo vyao vimelingana: vipele, kuhara, macho ya manjano. Dawa ya siklosporini hutolewa kuituliza kinga hiyo, lakini nayo yaweza kuumiza kuta za mishipa midogo, damu ikaganda humo, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikaishia humo na kupungua, figo zikaharibika. Mtoto yuleyule damu inaganda huku, inavuja kule! Mishipa midogo ya ini nayo yaweza kuziba, tumbo likajaa maji. Ndiyo sababu kiwango cha dawa hupimwa kwenye damu mara kwa mara, na mgonjwa hawezi kurudishwa Tandahimba akaangaliwe kwa simu. Anapangiwa chumba karibu na hospitali. Kodi hiyo ilipwe na nani, na waliopiga kelele kwenye kundi la WhatsApp? Vipele vilipotoka, ni milioni zilezile tatu zilizowaweka Dodoma yeye na mama yake. Sidai shukrani, ila iandikwe kwenye muhtasari.

Wanachama tuko 73, waliolipa ada 21. Mikutano minne, akidi ilitimia mara moja, na siku hiyo palikuwa na pilau. Kila nikiuliza naambiwa tusubiri korosho. Minada imepita, watu wamelipwa, ada sijaiona. Nauli za katibu nimezitoa mfukoni mwangu.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta mfadhili, na pengine ndugu wa wagonjwa wapimwe ulinganifu; kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Masasi nao wameonyesha nia ya kufungua tawi. Risiti zote za mfuko ziko kwa mhazini. Anayetaka kuzikagua anakaribishwa, aje na ada yake.