Wanandoa waelezwe kipimo cha kiinitete kinaona nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu upimaji wa vinasaba vya viinitete, yaani mimba changa za siku chache, ambao wanandoa wanaotungishiwa mimba maabara hushauriwa kuufanya kabla ya kupandikiza.

Upimaji huu una aina mbili, nazo huchanganywa mno. Ya kwanza hutafuta ugonjwa unaojulikana katika ukoo. Baba na mama wakiwa wote wamebeba kinasaba cha selimundu, kila kiinitete kina uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa na ugonjwa wenyewe, na mzazi aliyewahi kukesha wodini na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hahitaji kufundishwa faida ya kulijua hilo mapema. Mimba za kwanza za njia hii zilitangazwa London mwaka 1990, na sina ubishi nayo.

Ubishi wangu uko kwenye aina ya pili, ya kuhesabu kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, kuona kama zimezidi au zimepungua. Siku ya tano au ya sita, mtaalamu hutoboa ganda la kiinitete kwa mwale wa leza na kunyofoa seli chache, 5 hadi 10 hivi, tena kutoka tabaka la nje litakalokuwa kondo la nyuma, si kutoka fungu la ndani litakalokuwa mtoto. Kwa seli hizo kiinitete kizima huhukumiwa, ilhali seli za kiinitete kimoja huweza kutofautiana, nyingine zikiwa na kromosomu kamili na nyingine zenye kasoro. Mwaka 2015 madaktari wa Italia walichapisha habari za watoto wenye afya waliotokana na viinitete vyenye mchanganyiko wa namna hiyo.

Mimi na mke wangu tulipewa karatasi yenye safu mbili tu, "vizuri" na "vibovu". Viwili kati ya vitatu vyetu vilikuwa safu ya pili, tukasaini viharibiwe. Miezi kadhaa baadaye, tulipoomba ripoti ya maabara yenyewe, tulikuta kimoja kimeandikwa "mchanganyiko".

Najua kwamba kasoro za kromosomu huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, na kwamba kipimo hiki kimewaepusha wengine na mimba kuharibika. Hata hivyo hakitibu kiinitete wala hakiongezi idadi yake. Kwa aliyepata viwili au vitatu, kinaweza kupunguza tu.

Naziomba kliniki ziwape wanandoa ripoti kamili ya maabara, na ziwaulize kuhusu viinitete vya mchanganyiko kabla ya kuwawekea mbele fomu ya kuviharibu.

Msomaji wako