Vioo vya Simba vinakuja na basi

Kwako Dokta, rafiki yangu,

Za siku nyingi? Watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mvua imetuchezea. Hayo baadaye, nimeshika kalamu kwa ajili ya Simba, mbwa wa yule babu wa bondeni.

Ana miaka 10 sasa. Tangu mwaka jana manyoya yanamnyonyoka mbavuni, kulia na kushoto sawasawa, wala hajikuni. Kuna mahali wamemchoma sindano za ukurutu miezi minane, na hakuna aliyemgeuza amtazame chini! Nilipomlaza mimi, chuchu zimevimba kama za jike anayenyonyesha, korodani moja imesinyaa, na ya pili haimo mfukoni. Nikaipapasa kwenye kinena: ngumu, kubwa kama limau. Roho iliniuma.

Nikachoma sindano ya geji 22, nikavuta, nikapaka kwenye vioo vya darubini, vikakauka, nikatia rangi ya Giemsa. Hata dawa ya usingizi hakuhitaji, Babu alimshika kichwa tu. Seli ni ndefundefu, zimejaa vitundu vyeupe kama povu. Nasema ni uvimbe wa seli za Sertoli, zile zinazolea mbegu ndani ya korodani, na ndio unaomwaga estrojeni, homoni ya kike. Nikapangusa na ndani ya govi: seli bapa zilizokomaa tele, kama za jike aliye kwenye joto. Hapo nikapata nguvu.

Ila vile vitundu vinaninyima usingizi, maana seli za Leydig, zile za korodani zinazotengeneza homoni ya kiume, nazo huwa navyo. Sijaziona zikijipanga kando ya vishipa vya damu, lakini vioo viwili vimejaa damu mno. Seminoma, uvimbe wa seli za mbegu, nimeiondoa: hamna seli kubwa za duara, moja moja, wala ile michirizi ya chui milia nyuma yake. Usaha wa maambukizi pia hamna. Hata hivyo glavu sikuvua, bakteria Brucella canis wa mbwa humpata na daktari.

Utasema nimhasi tu, maana dawa ya zote ni kisu. Kweli. Lakini ufizi wake umepauka na tumboni nimeona vidoa vyekundu. Nahofia estrojeni imeshaugusa uboho wa mifupa unaotengeneza damu, nikipasua atoke damu isiyoganda. Na Babu naye hataki: "Akihasiwa atalinda nini?" Nimembembeleza wiki nzima. Mwisho akasema, akisikia madaktari wawili wametoa neno moja, atakubali. Ndiyo maana nakutumia vioo, vitano, nimevifunga kwenye boksi pamoja na kichupa cha damu. Dereva wa basi la alfajiri anakujua.

Je, mashine yenu ya kuhesabu damu imepona? Utaweza kunihesabia chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku hiyohiyo, kabla damu haijaharibika? Yule dada wa maabara bado yupo, akitazame na yeye kioo namba 3? Na mkikuta zimeshuka sana, una mbwa mkubwa mwenye afya wa kumtolea damu? Nimpasue Jumamosi, au nisubiri? Nipigie hata usiku, Babu yuko hapa barazani na mbwa wake.

Ndugu yako wa darubini moja