"Kocha, napumzishwa kuliko ninavyofanyishwa mazoezi"

Sisi makocha wa jimu limetufikia tena lalamiko lile lile, safari hii kwa ujumbe mrefu wenye herufi kubwa nyingi. Mteja amelipa mwezi mzima, na kwa hesabu yake muda mwingi ameumaliza amekaa kwenye benchi. "Napumzishwa kuliko ninavyofanyishwa mazoezi. Halafu naambiwa nguvu zimeongezeka, mbona mkono ni ule ule?" Anataka nusu ya fedha yake.

Fedha haturudishi, kwa sababu kazi ilifanyika. Maelezo anastahili, na kwa kuwa hayuko peke yake tunayaweka hapa.

Tuanze na huo mkono ambao haujanenepa. Nguvu za wiki za mwanzo hazitoki sana kwenye nyama, zinatoka zaidi kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu inayopeleka amri za ubongo kwenye msuli. Mwaka 1979 watafiti wawili, Moritani na deVries, waliwafuatilia watu wanaoanza kunyanyua uzito. Waliona kwamba mwanzoni nguvu zilipanda zaidi kwa sababu ya neva, na unene wa msuli ukaja kushika usukani baada ya wiki 3 hadi 5 hivi. Kwa hiyo mteja anayenyanyua zaidi ilhali mkono haujabadilika hajaibiwa. Yuko pale pale anapotakiwa kuwa.

Tuliwahi kuwa na mama mmoja aliyekuja akisuasua na chuma kitupu, yaani fimbo ya chuma bila uzito wa kuongeza. Baada ya wiki chache akawa anainua kutoka sakafuni uzito ambao mwanzo asingeusogeza, na nguo zake zinamkaa vile vile. Akashuku sahani zetu, vile vyuma vya duara vya kuongezea uzito, zimeandikwa kilo za uongo. Ilibidi tuzipime mbele yake, moja moja. Hakuomba radhi, lakini hajaondoka mpaka leo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila neva inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye msuli imeshika kikundi chake cha nyuzi. Neva ikituma ishara, nyuzi zote za kikundi hicho hukaza kwa pamoja, na zisipopata ishara hulala. Vikundi haviitwi ovyo: vidogo huanza, vikubwa huja mwisho kazi inapokuwa nzito. Utaratibu huo ulielezwa na mtafiti Elwood Henneman katika miaka ya 1950 na 1960, na ndio msingi wa karibu kila kitu tunachokufanyisha. Chukulia watu wanaovuta jahazi kulipandisha ufukweni, ambapo watoto wameshika kamba tangu mwanzo na wale wa miraba minne wamekaa kivulini wakisubiri kuitwa. Ajaye jimu mara ya kwanza hana sauti ya kuwaita wa kivulini. Akiwaita, ishara anazotuma ni chache na zinapishana sana. Na mara nyingi msuli wa upande wa pili nao unakaza na kumpinga, hivyo anashindana na mwili wake mwenyewe.

Anayedhani haya ni maneno ya kocha mvivu aangalie kazi ya watafiti Ikai na Steinhaus ya mwaka 1961. Sekunde chache kabla mtu hajavuta kwa nguvu zake zote, ilifyatuliwa bastola nyuma yake bila yeye kutarajia, na nguvu ya mkono ikapanda. Hata mtu mwenyewe akipiga ukelele nguvu ilipanda. Nyama haikuongezeka hata kidogo, ila nyuzi nyingi zaidi ziliamshwa. Sisi hatuna bastola. Tuna seti fupi za uzito mkubwa: unarudia zoezi mara chache mfululizo, kisha unapumzika.

Ndiyo maana kipindi chetu kinaanza na zoezi moja kubwa, iwe skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), kusukuma chuma kutoka kifuani au kukiinua kutoka sakafuni. Mteja aliyeshika mwendo hupewa uzito wa kurudia mara 3 hadi 5 tu, na kila rudio anatakiwa akisukume chuma kwa haraka kadiri awezavyo, hata kama chenyewe kinapanda polepole. Hiyo nia ya haraka ndiyo inayoita vikundi vikubwa. Kisha anakaa dakika 3. Hapo ndipo malalamiko yanapozaliwa.

Ukifupisha mapumziko utatoka jasho zaidi na utahisi umefanya kazi, lakini seti inayofuata itakuwa ya uzito mdogo au marudio machache. Mwaka 2016 mtafiti Schoenfeld na wenzake waliwagawa wanaume waliozoea vyuma: wengine walipumzika dakika 1, wengine dakika 3, kwa wiki 8. Waliopumzika dakika 3 walipata nguvu zaidi, na misuli ya mbele ya paja ikakua zaidi. Kwa hiyo yule anayeangalia saa kwa hasira anapunguza mwenyewe kile anachokidai.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye kazi ya kunenepesha: marudio 8 hadi 15, karibu na kushindwa (pale msuli unapokaribia kugoma), kwa mashine au vyuma vya mkononi. Msuli unaweza kukua hata kwa uzito mwepesi ukiufikisha karibu na kushindwa, hatubishi. Ila kwa nguvu za kunyanyua uzito mkubwa, mzito bado unashinda. Na aliyeamsha neva zake huingia kwenye sehemu hii na uzito wa maana, kwa hiyo kila rudio linamlipa zaidi.

Sasa njia ya mkato, maana ndiyo inayotuletea wateja waliovunjika moyo. Wengi hubadilisha mazoezi kila wiki kwa sababu video fulani imewaambia msuli lazima "ushtuliwe". Neva hujifunza mwendo kwa kuurudia. Ukibadilisha kila wiki, kila wiki unaanza darasa la kwanza. Utaumwa mwili mzima na kuyaita maumivu hayo maendeleo.

Mbaya zaidi ni kuongeza sahani kila siku kwa sababu "nguvu zipo". Zipo kweli! Neva huwahi, kano zinazofunga msuli kwenye mfupa huchelewa. Alikuja kwetu kijana mwenye kifua kipana, amejifundisha mwenyewe, nguvu zikapanda haraka naye akazifuata mbio bila breki. Bega likagoma. Alipofika hakuweza kuinua mkono kuchana nywele. Alikaa muda mrefu na tabibu wa viungo kabla hatujamkubali, kisha tukamrudisha kwenye chuma kitupu. Jumla ya alichotumia ilipita mbali ada aliyokuwa akiikimbia.

Wapo pia wanaouliza kuhusu fulana za umeme zinazokaza misuli ukiwa umesimama tu. Umeme wa nje haufuati ule utaratibu wa vidogo kwanza, na ubongo haujifunzi mwendo wowote. Kwenye matibabu vifaa hivyo vina kazi yake. Hapa hatuviuzi, na si kwa sababu hatujapata wa kutuuzia.

Kuhusu bei. Ndiyo, tuko juu kuliko jimu ya kulipa na kuingia. Pale unalipia vyuma. Hapa unalipia jicho: mtu anayeona chuma kimepunguza kasi rudio la tatu na kukuambia weka chini, anayeandika kila seti kwenye daftari lako, na asiyekuwa na watu zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Kuhesabu "moja, mbili, tatu" simu yako inaweza, tena bure.

Jambo moja ambalo wateja hawalijui, na sisi tunalipenda: aliyeumia mkono mmoja asiache mazoezi. Tangu mwaka 1894, katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, imejulikana kwamba ukifundisha mkono mmoja, mwingine nao unapata sehemu ya nguvu, kwa kuwa kinachofundishwa ni mfumo wa fahamu. Tumewafanyisha wateja wenye plasta upande mmoja, na walipofunguliwa hawakuanza sifuri. Mwenye hali hiyo aje na maelezo ya daktari wake, na asije na pendekezo la kupunguziwa nusu ya ada kwa sababu anatumia mkono mmoja. Limeshaulizwa.