Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazijua: futari ya pamoja, darasa la Kiswahili la watoto, safari ya ufukweni, misiba miwili. Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Mimi niseme tu kwamba daftarini tuko 71, waliomaliza ada ni 26, na mkutano wa Oktoba tulihudhuria 9. Ila mtu akifiwa, simu yangu hailali.

Sasa sherehe ya Desemba. Yamesemwa mengi, hasa kwenye grupu la WhatsApp saa sita usiku, kwamba Mwenyekiti aliwapeleka watoto wa watu katikati ya mji wetu wa Reading, England, ilhali makosa ya uvunjifu wa amani hapa yamepita wastani wa kitaifa. Baada ya ghasia za mitaani za Julai na Agosti zilizoanzia mji wa Southport, hofu hiyo naielewa. Lakini ile grafu ya makosa hayo kila mtu aliisambaza. Aliyekaa akaichambua ni mimi.

Kiwango kilicho kwenye grafu ni makosa yaliyoandikishwa polisi kwa kila wakazi 1,000. Sensa ya 2021 ilitupa wakazi kama 174,200, na wikendi ya tamasha la muziki, Agosti, wanamiminika watu kiasi cha laki moja. Mlevi wa kutoka Bristol akizozana na baunsa hapa, kosa linaandikwa kwetu, yeye anahesabiwa mkazi wa kwao. Halafu mji wa baa na stesheni kubwa unapimwa kwa wastani uliojumlisha hadi vijiji. Haki iko wapi?

Tena fungu hilo la uvunjifu wa amani, kwa sheria ya 1986 (Public Order Act), lina fujo za makundi na pia matusi na vitisho vya barabarani. Mwaka 2014 wakaguzi waligundua polisi wa England na Wales hawakuandika karibu kosa moja kati ya matano waliyoripotiwa. Wakabanwa, na takwimu zikapanda. Na aliyetuma ramani ya uhalifu ya polisi akasema matukio yako "mlangoni mwa ukumbi" ajue nukta zile husogezwa makusudi kulinda faragha za watu.

Ukumbi wa nje ya mji ulikuwa nafuu kwa pauni 140, sikatai. Wenzetu wanaotoka zamu hospitalini saa mbili usiku, bila gari, wangefikaje? Walinzi wawili wenye leseni niliwatafuta mimi, na mlangoni nilisimama nao kwenye baridi hadi saa tano. Lalamiko pekee la usiku ule lilikuwa pilau kuisha mapema.

Wanaodai kamati iliamua peke yake wakumbuke ajenda hiyo ilikuwa ya Oktoba, na watu 9 hawafikishi akidi.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuwa na timu ya vijana, mfuko wa misiba wenye nguvu, na pengine ukumbi wetu wenyewe. Anayetaka sherehe ihamishwe alete hoja mkutanoni, akiwa amelipa ada.

Mwenyekiti