Simu ya Marehemu Nayo Ni Mirathi

Mwaka jana mama mmoja kutoka Mpunguzi alikuja ofisini kwetu hapa Dodoma mjini, simu ya marehemu mumewe ameifunga kwenye kitambaa. Kijana wake alikuwa amebahatisha namba ya siri ya pesa mpaka akaunti ikafungwa. Humo mlikuwa na malipo ya zabibu ya msimu mzima, na picha ya mkataba wa kiwanja ambao nakala yake ya karatasi haikuonekana nyumbani.

Hela ya namna hiyo haipotei. Mahakama ikishateua msimamizi wa mirathi, yeye huenda kwenye kampuni ya simu au benki na cheti cha kifo pamoja na hati ya uteuzi, akaidai. Shida ni kujua kwamba ipo. Ng'ombe wanaonekana zizini, salio la simu halionekani.

Ndiyo maana tukimwandikia mteja wosia, tunamwomba aandae karatasi ya pembeni: laini zote alizosajili kwa kitambulisho chake, benki anazotumia kwa simu, barua pepe, ukurasa anaouzia bidhaa. Na kama ni mweka hazina wa kikoba, aandike wazi ni laini ipi ina pesa za wenzake. Hili tunalisisitiza sana, maana pesa hizo si urithi, na wanakikoba wasipotambuliwa mapema huonekana wadai wa uongo msibani.

Namba ya siri usiiweke kwenye wosia. Wosia husomwa mbele ya ndugu, hupelekwa mahakamani, hupita mikono mingi. Ya pesa usiiandike popote, kwani msimamizi haihitaji. Atakayetoa hela kwa namba ya marehemu kabla ya uteuzi, hata kwa nia njema, atakuja kuulizwa na warithi wenzake.

Picha na nyaraka zina njia yake. Google inakuruhusu kuchagua watu hadi 10 watakaopewa vitu vyako akaunti ikikaa kimya miezi 3, 6, 12 au 18. Facebook nayo ina nafasi ya kuteua wa kuiangalia akaunti yako. Njoo na simu yako na kitambulisho, tutayapanga siku hiyohiyo tunayoandika wosia. Ukitaka, wosia wenyewe utahifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Yule mama hela ya zabibu ameshaipata. Picha ya mkataba bado imefungiwa ndani ya simu, nasi tunaendelea kuwatafuta mashahidi walioweka saini.