Kwa wanafunzi mnaokuja Tanga kuwatafiti vijana wetu

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Kila likizo ya chuo mnashuka stendi ya Kange na mabegi ya madodoso, mwende mkawaulize vijana wa Ngamiani na Makorora habari za unga (heroini), bangi, gongo na afya ya akili. Karibuni. Nimeuguza wagonjwa wa akili hadi nikastaafu, sina ugomvi na utafiti. Ugomvi wangu ni na lile dodoso linalojazwa asubuhi moja, na jioni mwenye nalo keshapanda basi.

Kijana anaulizwa anatumia nini. Kisha anaulizwa kama analala, kama anakula, kama anajiona si kitu. Majibu yakienda pamoja, ripoti inaandika kwamba unga umeleta sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Yawezekana. Yawezekana pia huyu alinyamaza tangu baba yake alipozama baharini, usingizi ukampotea, na siku aliyopewa kete ya kwanza maskani ndiyo siku aliyopumzika. Jirani yake kwenye benchi alikuwa mzima na mcheshi, unga ndio uliomvunja. Kwenye karatasi zenu wawili hawa hawatofautiani hata kidogo, na tiba yao si moja.

Kwa hiyo tafuteni kilichotangulia. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuata watoto 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973, wakawa wanawarudia hao hao hadi ukubwani. Mwaka 2002 walitoa matokeo: kati ya waliokuwa wameshavuta bangi kufikia umri wa miaka 15, mmoja katika kila kumi alikuwa na maradhi ya jamii ya skizofrenia, yale ya akili kuachana na uhalisia, alipofika miaka 26. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 3. Wangeishia hapo, bangi ingebeba mzigo wote. Lakini watoto wale walishaulizwa walipokuwa na miaka 11 kama wanasikia sauti au kuona visivyoonwa na wengine. Majibu yale yalipoingizwa kwenye hesabu, uzito wa bangi ukapungua kwa karibu theluthi, na kilichobaki hakikutosha kusemwa kwa uhakika wa kitakwimu. Hawakusema bangi ni salama, na mimi sisemi. (Vijana wa maskani mnaosoma hapa, msikimbie na nusu ya sentensi.) Nasema waliweza kuona hivyo kwa sababu waliuliza mapema, wakarudi, wakauliza tena.

Najua hamna miaka ishirini. Lakini hata likizo moja inatosha kumrudia mtu mara tatu, na hapo ndipo linapokuja suala la arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga uliouzoea. Mtu aliyekosa unga tangu jana halali, tumbo linamsokota, kamasi zinamtiririka, mifupa inamuuma, hatulii kitako. Mpe dodoso la sonona la maswali tisa saa hiyo: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kutotulia. Atapata alama za juu hata kama moyo wake hauna tatizo jingine. Arosto ya unga huwa kali siku mbili tatu za mwanzo, kisha hulegea ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Madaktari makini husubiri kama mwezi kabla ya kusema sonona hii inasimama yenyewe. Basi andikeni pembeni ya kila karatasi: mara ya mwisho ametumia lini? Kama yumo kwenye arosto, mwacheni, mrudieni. Ramadhani nayo hubadilisha saa za kula na kulala za mji mzima, msije mkatugeuza wagonjwa wote.

Mtaniambia kuwarudia ni shida, hawakamatiki. Wanaotumia methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, wanakamatika. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, sasa ipo hata hapa hospitali ya Bombo, na dawa yenyewe kwa kawaida inanywewa kila siku mbele ya mhudumu. Ila msiwahoji wakiwa kwenye foleni ya dozi. Mtu anayesubiri dawa hawezi kukwambia hapana. Atadhani akikataa atanyimwa. Ngojeni anywe, mkakae mbali na dirisha. Na mkumbuke hao ni walioamua kuacha. Mabinti wanaofichwa nyumbani kwa kuogopa aibu, na wale wa kwenye mashua, hamtawakuta pale. Binti hatafunguka kwa mvulana mwenye kalamu. Pelekeni msichana mwenzake, tena asianze na unga. Aanze na habari za nyumbani, za shule, za nani alimlea.

Swali la tisa la dodoso lile linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au ajidhuru. Nimeona mtafiti akitia alama kwenye “karibu kila siku”, akageuza ukurasa. Nilimpokonya kalamu. Kabla hamjauliza swali hilo hata mara moja, nendeni Bombo mkajue ni nani anapokea, mlango gani, saa ngapi. Kijana akijibu ndiyo, dodoso linafungwa na mnaongozana naye, kwa miguu au kwa bodaboda. Wapo pia watakaohitaji kulazwa muda mrefu. Hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe, inawauguza watu wa namna hiyo tangu enzi za Wajerumani, na familia nyingi za hapa mjini hazijui hata njia ya kufika. Ziambieni.

Mwisho, matokeo. Wengi wamekuja, wachache wamerudi. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hakiwaondolei deni hilo. Ripoti ya chuoni ibaki chuoni; kwetu leteni kurasa mbili za Kiswahili. Mwenyekiti wa mtaa aite kikao baada ya Alasiri, waje wazazi, waje mashehe na wachungaji, waje vijana waliohojiwa, majina yao yasitajwe. Mtaulizwa maswali magumu na mama mmoja au wawili, kwa hiyo aje aliyefanya hesabu, msimtume dereva na bahasha.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu,
Chumbageni, Tanga