Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: hayo mapafu ya machinjio ya Ndumbuini tupeni sisi

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu. Mimi ni fundi wa maabara huku Kabete, na kilio changu ni mapafu ya nguruwe ya kufanyia mazoezi, usicheke kwanza.

Mapafu ya mtu aliyefariki yakitolewa ndio yapandikizwe kwa mgonjwa, kawaida yanawekwa kwa barafu na hapo unakimbizana na saa, masaa sita mpaka nane hivi, yakizidi madaktari wanaanza kusita. Mwaka 2021 watu wa Toronto walionyesha ukiyaweka digrii 10 badala ya 4, mapafu ya nguruwe yanakaa masaa 36 na yakipimwa baadaye bado yanapumua poa, ndio wakaanza kujaribu kwa binadamu. Jibu lilikuwa friji tu!

Sisi bado hatujafika huko kwa kupandikiza, najua. Lakini kwani tutajifunzia wapi kuosha pafu, yaani kutoa damu iliyo ndani, kwa mgonjwa? Panya ni rahisi kufuga ila mshipa wake unautafuta na darubini. Nguruwe kifua chake kinakaribia chetu, ingawa ana vituko vyake: sehemu ya juu ya pafu la kulia ina tawi lake la hewa linalotoka moja kwa moja kwa bomba kubwa la hewa, ukisukuma mrija wa kupumulia ndani sana unalipita, unapampu weee na hicho kipande kimelala tu kama unga haujaumuka.

Sasa machinjio ya nguruwe ya Ndumbuini si iko hapa tu. Hatuombi kuua mnyama hata mmoja, wenzetu ng'ambo pia hufanyia mazoezi mapafu ya machinjioni. Tunachotaka ni tuyapate kabla nguruwe hajatumbukizwa kwa maji moto ya kunyonyoa, tufunge mrija kwa mshipa unaotoka kwa moyo kwenda mapafuni, tuachilie dawa baridi, na hapo unaona pafu likitoka wekundu na kuwa jeupe ukiangalia hivi, yakibaki madoa jua umechelewa, damu imeganda.

Fomu yetu imekaa kwa ofisi fulani miezi nane juu hawajaamua kama hiyo ni nyama ama ni utafiti. Mheshimiwa, keti na mwenzako wa Kilimo mtoe waraka mmoja, ukurasa mmoja tu, inspekta wa nyama aruhusiwe kutupatia. Kulaboksi tunayo, kipimajoto tunacho, na bodaboda nitalipa mwenyewe.

Fundi wa maabara, Kabete